Likizo ndefu ndo hii, waachieni watoto wasome wanachokipenda

Shule zikishafungwa tu, nyumba nyingi zinaingia kwenye mabishano yale yale, mzazi anasema chukua kitabu usome, mtoto anasema lakini si likizo, mzazi anasema ndo maana nakwambia usome usije ukasahau kila kitu, na hapo kitabu kishakuwa adhabu kabla hata hakijafunguliwa. Nataka kuandika kuhusu hili kwa sababu linanigusa sana, mi ni mama wa watoto wanaosoma shule na naliona kila mwaka, na naamini kabisa kwamba likizo ndefu ya kiangazi ndo nafasi kubwa kuliko zote mtoto anayopata ya kuanza kupenda kusoma, kupenda kweli kweli, na ni nafasi inayopotea kirahisi mno pale likizo inapogeuzwa kuwa darasa lingine la nyumbani.

Hebu fikiria mwaka wa mtoto ulivyo. Tangu shule inafunguliwa mpaka inafungwa, karibu kila anachosoma kuna mtu kamchagulia, kuna ukurasa wa kuanzia na wa kuishia, kuna maswali mwishoni, alafu kuna alama. Hata hadithi iwe tamu vipi, akifika mwisho tu anaulizwa mhusika mkuu ni nani, funzo ni nini, taja sababu tatu. Sisemi walimu wanakosea, kazi yao ndo hiyo, wanatakiwa wajue mtoto kaelewa au la. Ila ukikaa ukatafakari utaona kwamba ile miezi miwili au mitatu ya likizo ndo kipindi pekee ambacho mtoto anaweza kusoma kitu bila mtu yeyote kuja kumsahihisha. Anaweza kuanzia katikati, anaweza kuacha, anaweza kurudia ukurasa mmoja mara kumi kwa sababu umemchekesha. Uhuru huo watu wazima tunaosoma tunao kila siku na wala hatuuoni, mtoto yeye anaupata likizo tu.

Najua hofu inatoka wapi. Wanaosema mtoto asiyesoma likizo anarudi nyuma hawajalitunga hilo. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake kule Marekani walikusanya tafiti 39 kuhusu watoto na likizo ya kiangazi wakazisoma pamoja, wakakuta kwa wastani alama za watoto baada ya likizo zilikuwa zimerudi nyuma kama mwezi mmoja hivi wa masomo. Hiyo sentensi moja ndo imezunguka dunia nzima na kutia wazazi presha. Lakini ukienda ndani kidogo kuna mambo mawili ambayo hayasemwi sana, kwanza kilichoshuka zaidi ni hesabu, pili kwenye kusoma matokeo yalitegemea mtoto anatoka nyumba gani, wale wa familia za kipato cha kati hawakushuka, wengine hata walipanda kidogo, wakati watoto wa familia za kipato cha chini walishuka. Na wapo watafiti waliokuja baadae wakahoji hata jinsi ule upungufu ulivyopimwa, wakasema sehemu yake ilitokana na namna mitihani yenyewe ilivyotungwa, na mabishano hayo bado hayajaisha. Kwahiyo mi siandiki hapa kumtisha mtu kwamba mwanao ataharibika ndani ya wiki nane. Ninachokiona kwenye hizo tafiti ni kitu kingine kabisa, ni kwamba wakati wa shule watoto wote wana vitabu mbele yao, alafu shule ikifungwa, nyumba moja ina vitabu na mtu wa kuvizungumzia na nyumba nyingine haina, na hapo ndo njia zinapoachana.

Sasa kuna utafiti mmoja naupenda sana na natamani kila mzazi na kila mwalimu mkuu aujue. Richard Allington na Anne McGill-Franzen, hawa nao wa Marekani, walichukua watoto wa shule za msingi kwenye maeneo yenye familia nyingi za kipato cha chini, na kila mwisho wa mwaka wa masomo wakawawekea maonyesho ya vitabu, mamia ya vitabu mezani, wakawaambia chagueni wenyewe. Kila mtoto akapewa vitabu 12 vya kwenda navyo nyumbani viwe vyake kabisa, na wakafanya hivyo likizo tatu mfululizo. Hakuna mitihani ya likizo, hakuna ripoti ya kuandika. Matokeo yalitoka 2010, watoto waliopewa vitabu walifanya vizuri zaidi kwenye kusoma kuliko wenzao ambao hawakupewa, na faida hiyo ilikuwa inakaribiana na ile ya mtoto kupelekwa darasa la kiangazi, tena waliofaidika zaidi ni wale wenye hali ngumu kuliko wote. Na walichagua nini? Vitabu vya wanamuziki maarufu, vya wanamichezo, vya wahusika wa televisheni, yaani vile vile ambavyo mzazi akiviona anasema hiki nacho ni kitabu?

Hapo kwenye kuchagua ndo nataka nikae kidogo, maana ndo kiini cha jambo lenyewe.

Kumchagulia mtoto kitabu kizuri na kumwacha achague kitabu ni vitu viwili mbali mbali. Ukimchagulia, hata kama umechagua vizuri, bado kile ni kitabu chako na yeye anakufanyia kazi. Akichagua mwenyewe, hata akikosea, amejifunza kitu kuhusu anachokipenda na asichokipenda, na kujua hivyo ndo kunamfanya mtu awe msomaji maisha yake yote. Kwahiyo katuni zilizochorwa, ruhusu. Vitabu vya vichekesho na vitendawili, ruhusu. Magazeti ya mpira, kitabu cha rekodi za dunia, kitabu cha magari, maelekezo ya gemu anayocheza, wasifu wa msanii anayempenda, mfululizo wa vitabu kumi na tano vyenye hadithi inayofanana mwanzo mwisho, vyote ruhusu. Hasa hiyo mifululizo inadharauliwa bure. Mtoto anayesoma kitabu cha saba cha mfululizo ule ule tayari anawajua wahusika, anaujua mji wao, anajua nani adui, kwahiyo nguvu zake zote zinaenda kwenye kusoma na kufurahia, na kasi inaongezeka bila yeye kujua.

Mwanangu wa katikati kuna likizo moja alikamata kitabu cha nyoka, kitabu cha picha kubwa na maelezo mafupi mafupi, akakisoma akamaliza akaanza upya, akamaliza akaanza upya, mpaka dada yangu akaniuliza hivi huyu mtoto hana kitabu kingine? Nikamwambia anavyo dada, ila anakitaka hicho hicho. Sasa ungemsikia alivyosoma mwanzo na alivyosoma kuelekea mwisho wa likizo ungesema ni watoto wawili. Mwanzo alikuwa anakwama kwenye kila neno refu, baadae sauti inapanda inashuka, anapumua mahali pa kupumua, na maneno kama magamba, mawindo, sumu, kujivua ngozi yameshakaa kichwani bila mtu kumfundisha. Alafu akaanza kuulizia vitabu vya mijusi, vya mamba, vya dinosaria, na kutoka dinosaria akaenda kwenye volkano na nyota. Kama kile kitabu cha nyoka angenyang'anywa siku ya pili kwa sababu ameshakisoma, mlango wote huo usingefunguka.

Na kuacha kitabu katikati pia ni haki. Mwalimu na mwandishi mmoja Mfaransa, Daniel Pennac, mwaka 1992 aliandika orodha ya haki kumi za msomaji, na ndani yake kuna haki ya kutosoma, haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza kitabu, haki ya kusoma tena, haki ya kusoma chochote. Watu wazima tunazitumia hizi haki kila siku. Kitabu kikituchosha tunakiweka pembeni na hakuna anayetuuliza. Mtoto yeye anaambiwa ulikianza lazima ukimalize, kwahiyo anakaa na kitabu asichokipenda wiki tatu, na katika hizo wiki tatu hasomi kitu kingine chochote. Mwambie tu, soma kurasa kumi au ishirini, kisipokuvuta rudisha chukua kingine. Utashangaa ni wangapi wanarudi baadae kwenye kile kile walichokiacha.

Kuhusu kitabu kigumu au chepesi, kuna njia ya vidole ambayo walimu wengi wanaitumia, mtoto anafungua ukurasa wowote wa katikati anasoma, kila neno asilolijua anakunja kidole, vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha basi hicho ni kigumu kukisoma peke yake kwa sasa. Peke yake. Mkisoma pamoja nawe hakuna shida. Na kikiwa chepesi sana kwake, muache! Sijui kwanini watu wazima tunaogopa kitabu chepesi, mtoto wa miaka kumi akichukua kitabu alichokuwa anasomewa akiwa na miaka mitano mara anaambiwa wewe mkubwa sasa, wakati yeye anapumzika, na kupumzika na kitabu ndo jambo tunalolitafuta.

Ila kuchagua peke yake hakutoshi, na hapa niwe mkweli kwa sababu isije ikaonekana ukimwaga rundo la vitabu sebuleni kazi imeisha. James Kim, mtafiti mwingine wa mambo haya haya ya kusoma likizo, alijaribu kuwatumia watoto vitabu nyumbani kwa namna tofauti tofauti, na alichokiona ni kwamba waliopewa vitabu tu bila mtu wa kuwasaidia hawakusogea sana, waliosogea ni wale waliofundishwa kwanza namna ya kujiuliza maswali wakati wa kusoma na wakawa na mtu mzima nyumbani ambaye wao wanamsomea na kumsimulia walichosoma. Ukiweka hizi tafiti mbili pembeni kwa pembeni unapata picha nzima, mtoto achague yeye, alafu asiachwe peke yake.

Kutomwacha peke yake maana yake nini. Kwangu mi namba moja ni kumsomea kwa sauti, na namaanisha hata yule ambaye anajua kusoma, hata wa miaka kumi na moja, kumi na mbili. Wazazi wengi wanaacha kumsomea mtoto siku ile ile anapojua kusoma mwenyewe, na kwa mtoto inakuwa kama amepewa adhabu kwa kujua kusoma, kabla ya hapo alikuwa anapata hadithi na mama au baba pembeni yake, sasa anapata hadithi na ukuta. Sikio la mtoto liko mbele sana ya jicho lake, anaweza kuelewa na kufurahia hadithi ngumu akisomewa ambayo akiachiwa mwenyewe angeishia ukurasa wa pili, na inakuwa hivyo kwa miaka mingi ya shule ya msingi. Likizo ina nafasi ya hili kwa sababu asubuhi hakuna haraka, kwahiyo usiku unaweza kusoma sura moja ikawa mbili.

Na ujue unapomsomea unampa maneno ambayo hutompa kwa kuongea nae tu. Donald Hayes na Margaret Ahrens mwaka 1988 walihesabu maneno adimu, yale yasiyotumika mara kwa mara, kwenye vitabu, kwenye vipindi vya televisheni na kwenye maongezi ya Kiingereza, wakakuta vitabu vya watoto vina kama maneno 31 adimu katika kila maneno 1000, wakati maongezi ya kawaida ya watu wazima wenye digrii yana kama 17 tu. Yaani kitabu cha mtoto wa shule kina maneno adimu mengi kuliko wasomi wawili wakiwa wanapiga stori. Sisi nyumbani tunaongea maneno yale yale kila siku, njoo, lala, umeoga, zima hiyo TV, na hakuna ubaya, ndo maisha, lakini maneno mengine yanabidi yatoke mahali.

Ukisoma kwa sauti jiachie. Mnyama mkubwa mpe sauti nzito, mzee mpe sauti ya kukwaruza, na ukifika mahali mtu anagonga mlango usiku na hajulikani nani, funga kitabu useme tutaendelea kesho. Mtoto atalalamika. Kiache kile kitabu hapo hapo mezani ukatoke kidogo. Wapo watoto wengi wameanza kusoma wenyewe kwa njia hiyo tu, hawakuweza kusubiri kesho.

Maongezi nayo ni sehemu ya kusoma, ila yawe maongezi. Tofauti ni ndogo lakini mtoto anaisikia mara moja. Ukimuuliza haya nieleze hadithi inahusu nini, anajua anapimwa. Ukimuuliza kwani huyu bwana alikuwa na shida gani na mdogo wake, au ungekuwa we ungefungua lile sanduku, anajua unataka kujua kweli. Na ili utake kujua kweli inabidi uwe umekisoma hata kidogo, kwahiyo chukua kile kitabu chake akilala upitie sura mbili tatu. Kwa vijana wa miaka kumi na tatu kwenda juu hii inafanya kazi kuliko kitu kingine chochote, hawataki kuambiwa wasome nini lakini wanapenda mno kujua maoni yako kuhusu wanachosoma wao. Hata kama ni riwaya ya mapenzi, hata kama ni hadithi wanazosoma mtandaoni kwa mafungu mafungu, muulize vipi, walirudiana?

Zawadi. Hapa najua nitapingwa ila ngoja niseme. Watu wanapenda kuahidi, ukimaliza vitabu vitano nakununulia kitu fulani, au kila ukurasa na hela yake. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walifanya jaribio na watoto wadogo wa shule ya awali waliokuwa wanapenda kuchora wenyewe bila kuambiwa. Kundi moja likaahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora, kundi jingine likapewa cheti bila kuahidiwa kabla, kundi jingine halikupewa kitu. Baadae walipoachwa huru wacheze wanachotaka, wale walioahidiwa zawadi walichora muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Kitu walichokuwa wanakipenda bure kiligeuka kazi. Mi nikiona mtoto ambaye tayari anapenda vitabu anaanza kulipwa kwa ukurasa roho inaniuma kabisa. Kwa mtoto ambaye hagusi kitabu kabisa labda kichocheo kidogo cha kuanzia hakina ubaya, lakini zawadi nzuri kuliko zote ya kusoma ni kitabu kingine, au kuruhusiwa kuchelewa kulala nusu saa kama hiyo nusu saa ni ya kusoma. Hiyo ya pili watoto wanaiona ni dili kubwa sana na haina gharama yoyote.

Maktaba kwa miaka mingi zimelijua hili la kufanya likizo iwe sherehe ya kusoma. Marekani maktaba za umma zilianza mipango ya kusoma kiangazi tangu miaka ya 1890, na Uingereza tangu 1999 kuna mpango wa kitaifa wa kila kiangazi ambapo watoto wa miaka 4 hadi 11 wanaenda maktaba ya umma, wanajiandikisha bure, wanachagua vitabu wanavyotaka, na kila mwaka kuna mada mpya na vistika vya kukusanya. Angalia kilichopo hapo, bure, vitabu vya kuchagua wenyewe, na watu wa kusoma nao. Ulipo wewe kama kuna maktaba ya umma, au hata chumba cha vitabu cha shule ambacho mwalimu anaweza kukubali kukifungua siku moja moja wakati wa likizo, kaulize. Na kama hakuna, familia tatu nne zenye watoto wa umri unaokaribiana zikikusanya vitabu vyao kwenye boksi moja na lile boksi likawa linazunguka kila wiki, kila mtoto anakuwa na vitabu vipya likizo nzima bila mtu kununua hata kimoja.

Na kuna vitabu vya bure mtandaoni kwa Kiswahili, hili watu wengi hawalijui. African Storybook wana hadithi za picha za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, unazisoma kwenye simu au unazipakua na kuziprinti. StoryWeaver ya Pratham Books ya India iliyoanza 2015 nayo iko hivyo hivyo, imepanga hadithi kwa ngazi ili mtoto anayeanza asikutane na maneno mengi mno, na ukipakua unaweza kusoma bila intaneti. Kwahiyo simu yenyewe ile tunayogombania nayo inaweza kuwa na rafu ya vitabu ndani. Mi sioni kama simu na TV ni maadui wa kupigwa vita kila saa, ukipiga marufuku kabisa alafu ukaweka kitabu badala yake, kitabu kinachukiwa kwa kosa ambalo si lake. Ninachofanya ni kutenga muda ambao skrini zote zimezimwa, za watoto na zangu, bila kusema sasa someni. Wanaboreka, wanalalamika, wanajigaragaza, na baada ya muda mmoja anachukua kitabu kwa sababu kipo karibu. Kuboreka kunasaidia sana jamani, msikimbilie kukuondoa.

Alafu vitabu viwepo mahali mtoto anapoboreka. Kwenye kabati lenye vioo havisaidii mtu. Weka kwenye kiti cha nyuma cha gari, kwenye begi la safari, pembeni ya kitanda, chini ya mti kama huko ndo wanakolala mchana joto likizidi. Na ile TV yenyewe, washa maandishi chini ya picha kwa lugha ile ile inayoongewa. India walifanya hivyo kwenye vipindi vya nyimbo, Brij Kothari ndo aliyeanzisha wazo hilo miaka ya 1990, maneno ya wimbo yanatokea chini na kubadilika rangi jinsi yanavyoimbwa, na watazamaji wakawa wanasoma huku wanaimba.

Sasa yupo mtoto ambaye yote haya ukimfanyia bado anakimbia. Huyo mi namuwazia sana. Anasema anaumwa kichwa, anasema anaenda chooni, anakasirika, anatupa kitabu. Tafadhali usikimbilie kumuita mvivu. Kapime macho yake kwanza, maana mtoto ambaye haoni vizuri hajui kwamba wengine wanaona tofauti na yeye. Na kama macho ni mazima na miaka inaenda na bado herufi zinamsumbua, anachanganya, anasahau neno alilolisoma mstari wa juu tu, zungumza na mwalimu wake kuhusu disleksia, yaani ile hali ya ubongo kupata shida na kusoma maneno, ambayo haina uhusiano wowote na akili ndogo wala uvivu, na inasaidika kadri inavyogunduliwa mapema. Wakati huo likizo isiwe vita. Mpe vitabu vya kusikiliza na nakala ya kufuatilia kwa kidole. Mpe nafasi ya kusoma mbele ya mtu ambaye hatamsahihisha, kwa mfano mdogo wake wa miaka mitatu ambaye yeye anataka picha tu na kaka mtu anaonekana bingwa. Kule Utah, Marekani, mwaka 1999 walianzisha mpango wa watoto kuwasomea mbwa waliofundishwa kutulia, na umesambaa nchi nyingi, kwa sababu hiyo hiyo, mbwa anasikiliza na hacheki mtu akikosea.

Muda ni kiasi gani? Naulizwa sana hili. Richard Anderson na wenzake 1988 waliwaambia watoto wa darasa la tano waandike kila siku walichofanya nje ya shule, wakakuta mtoto wa katikati kabisa anasoma vitabu chini ya dakika 5 kwa siku, na yule anayesoma sana, anayewazidi watoto 90 katika kila 100, ni kama dakika 21. Dakika 21 tu, lakini kwa mwaka zinafika maneno kama milioni 1.8, wakati yule wa katikati anabaki kwenye laki mbili na elfu themanini hivi. Mi napenda hizo namba kwa sababu zinaonyesha kwamba hatuzungumzii masaa. Ila naomba usiende kuchukua saa ukamwekea mtoto dakika 21 kwenye meza, maana akiwa anahesabu dakika macho yake yako kwenye saa. Tafuta sehemu ya siku ambayo tayari ina utulivu, baada ya chakula cha mchana joto likiwa kali au kabla ya kulala, iwe hiyo hiyo kila siku, na wewe uwe na kitabu chako mkononi. Siku nyingine atasoma dakika tano aondoke, siku nyingine utamkuta saa sita usiku na tochi chini ya shuka. Huyo wa tochi mwache kidogo kabla hujamzimia, hiyo ni likizo.

Na shule zikikaribia kufunguliwa usianze kuhesabu, umesoma vitabu vingapi, mwenzako kasoma vingapi. Kama kuna kitabu hakijaisha kiende nae kwenye begi la shule. Ule muda wa kusomewa usiku nao uendelee, hata kama utakuwa mfupi, hata kama ni kurasa mbili tu siku ambayo ana kazi nyingi za nyumbani. Na kabla ya siku ya kwanza ya shule mwambie mwalimu wake mpya kitu kimoja tu, kwamba huyu mtoto likizo hii alikuwa anasoma mambo ya nyoka, au mpira, au majini, au chochote kile, ili naye ajue pa kuanzia.